Je, Nuru Huongezewa Mbio?

Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wahitimu wa kisomo, wilayani Tabora



Mara ya mwisho tulipokuja hapa kijijini tuliondoka na deni. Mtakumbuka siku ile ya kupima mipaka kwa ajili ya hati za kimila. Mpimaji alisimama chini ya mwembe mkubwa ulio kando ya njia ya zamani ya Ujiji. Mkononi alikuwa na kichombo kidogo, kama redio ya mfukoni. Akakitazama, akaandika tarakimu, akasema, "Mpaka unapita hapa." Nanyi mnajua kwamba majirani wawili walikuwa wakigombania ukanda wa shamba wa hatua kumi na mbili tu.

Ndipo mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, hicho kichombo kimejuaje? Kimeona nini ambacho sisi tuliozaliwa hapa hatukukiona?" Mpimaji akajibu kwamba kichombo husikiliza saa zilizoko angani. Mzee akasema, "Haya. Na hizo saa, nani amezipima?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja naye akadakia kwamba amesoma kwenye simu yake kuwa mambo ya saa za angani yanatokana na nadharia ya Mzungu mmoja, Einstein, na kwamba nadharia hiyo imekwisha pingwa kwa majaribio.

Sisi hatukucheka, maana swali la mzee lilikuwa zuri na jibu hatukuwa nalo. Tulisema tutakwenda kusoma, kisha tutarudi. Leo tumerudi. Tuiendeshe shughuli hii kama baraza: tusikie madai, tusikie mashahidi wa pande zote mbili, halafu tuamue.

MADAI YENYEWE

Mwaka 1905 Albert Einstein alikuwa kijana wa miaka 26. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali iliyosajili uvumbuzi, katika mji wa Bern, nchini Uswisi. Mwaka huo aliandika nadharia ambayo leo huitwa nadharia maalumu ya uhusianifu. Ina misingi miwili.

Msingi wa kwanza si mgeni kwenu. Ukiwa ndani ya gari moshi linalokwenda sawasawa bila kutikisika, chai humiminika kikombeni kama nyumbani. Huwezi kujua kwa kutazama chai kama gari linakwenda au limesimama. Einstein alisema kanuni zote za maumbile ziko hivyo.

Msingi wa pili ndio wenye ubishi. Alisema kwamba mahali patupu nuru husafiri kwa mwendo mmoja tu, kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Taa ikikujia mbio, au ikikukimbia, nuru yake itakufikia kwa mwendo ule ule. Haiongezewi wala haipunguziwi.

Hapo mtu mwenye akili timamu anashtuka. Ukirusha embe mbele ukiwa juu ya baiskeli inayokwenda, embe linapata mbio za mkono wako pamoja na mbio za baiskeli. Kwa nini nuru isiwe kama embe? Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Walther Ritz, alisema hivyo hasa mwaka 1908: nuru ni kama embe, hupata mbio za chombo kinachoitoa. Ritz hakuwa mjinga. Alikuwa na hoja.

Basi kesi yetu ni hii: Einstein kwa upande mmoja, Ritz kwa upande wa pili.

TABORA INAJUA KESI ZA NAMNA HII

Ndugu zetu, msifikiri kesi kama hii ni ya wataalamu wa mbali tu. Moja iliwahi kuanzia hapa hapa Tabora.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuwa Kaze, ambayo ni Tabora yetu. Walikwisha fika Ujiji na kurudi. Burton alikuwa mgonjwa, akabaki. Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa la Nyanza. Akarudi akisema, "Hapa ndipo mto Nile unapotoka." Burton akamkatalia. Alisema, umeona ncha moja tu ya maji, utajuaje mengine? Baadaye Burton akashika hoja kwamba huenda Nile inatoka ziwa Tanganyika, kwa kupitia mto Rusizi.

Waligombana miaka mingi. Septemba 1864 walipangiwa kukabiliana mbele ya wataalamu huko Uingereza, lakini Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla. Kesi haikuamuliwa kwa maneno. Iliamuliwa kwa kwenda kutazama. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi kwenye mdomo wa Rusizi, wakaona maji yanaingia ziwani, hayatoki. Mwaka 1875 Stanley akalizunguka ziwa Nyanza kwa mashua, akaona ni ziwa moja kubwa. Speke alikuwa amesema kweli, ingawa ushahidi wake wa kwanza ulikuwa mdogo.

Na tusisahau jambo moja. Wenyeji wa Uvira walikwisha waambia Burton na Speke tangu mwaka 1858 kwamba Rusizi unaingia ziwani.

Tunapata funzo gani? Tafuta jambo moja ambalo pande mbili zinalitabiri kwa namna tofauti. Mmoja anasema mto unatoka, mwingine anasema unaingia. Halafu nenda ukatazame mto.

SHAHIDI ASIYETOSHA

Watu wengi wakiulizwa ushahidi wa Einstein hutaja jaribio la Wamarekani Michelson na Morley la mwaka 1887. Wakati huo wengi waliamini kwamba nuru husafiri ndani ya kitu kilichoitwa etha, kama sauti isafirivyo ndani ya hewa. Wawili hao walitaka kupima upepo wa etha unaotupuliza dunia inapolizunguka jua. Hawakuuona upepo waliotarajia.

Jaribio hilo liliitikisa etha. Lakini angalieni: halikuamua kesi yetu. Kama nuru ni embe la Ritz, chombo na taa yake vikisafiri pamoja, jibu litakuwa lile lile. Shahidi anayekubaliana na pande zote mbili hawezi kuamua kesi. Anayesema Michelson na Morley peke yao walithibitisha nadharia ya Einstein amekwenda mbio kupita ushahidi.

HESABU YA MATARISHI

Sasa tutumie njia yetu ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji tufanye ni kilomita 1,200. Tajiri wa Bagamoyo anatuma barua kwa tarishi. Tarishi wa kwanza anakwenda kilomita 20 kwa siku. Atatumia siku 60. Kesho yake tajiri anatuma tarishi wa pili, kijana mwepesi wa kilomita 30 kwa siku. Huyo atatumia siku 40.

Haya, fanyeni hesabu. Wa kwanza anafika siku ya 60. Wa pili, aliyeondoka siku moja baadaye, anafika siku ya 41. Barua ya pili imetangulia barua ya kwanza kwa siku 19! Kama tajiri anabadilisha matarishi kila siku, leo mzito, kesho mwepesi, barua zitafika Ujiji zimechanganyika, za nyuma mbele na za mbele nyuma.

Lakini wote wakienda mwendo mmoja, barua zitafika kwa mpangilio ule ule zilivyotumwa. Njia ikiwa ndefu, tofauti ndogo ya mwendo inakuwa tofauti kubwa ya siku.

Sasa wekeni nyota mahali pa Bagamoyo, na sisi hapa duniani tuwe Ujiji. Ziko nyota zinazozungukana mbili mbili. Nyota kama hiyo mara inatusogelea, mara inatukimbia. Kama Ritz amesema kweli, nuru ya wakati wa kusogea ni tarishi mwepesi, na nuru ya wakati wa kukimbia ni tarishi mzito. Habari zingetufikia zimechanganyika. Mholanzi Willem de Sitter alisema hivyo mwaka 1913, akaonyesha kwamba habari za nyota hizo hazichanganyiki.

PINGAMIZI LA HAKI

Hapo upande wa Ritz ukapata wakili mzuri. Katika miaka ya 1960 Mmarekani J. G. Fox alisema: subirini. Kati ya nyota na sisi hakuna utupu kamili. Iko gesi nyembamba. Nuru ya kawaida ikipita katika gesi inapokewa na kutolewa upya.

Kwa mfano wetu, ni kama matarishi wote wanakabidhi barua Mpwapwa kwa matarishi wengine, na hao wa pili wote wanakwenda mwendo mmoja. Wa kwanza wakihitilafiana mwendo, kuchanganyika kutatokea kidogo tu katika kipande kifupi cha Bagamoyo hadi Mpwapwa. Mtu wa Ujiji hataona kitu. Kwa hiyo ushahidi wa de Sitter hautoshi.

Tunasema hili lilikuwa pingamizi la haki. Halikuwa matusi. Lilionyesha ni kitu gani kinachokosekana: tarishi anayekwenda njia nzima bila kukabidhi barua.

UHURU WA MALINDI

Tarishi huyo alipatikana kwa msaada wa chombo kilichorushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia setilaiti, wakaliita San Marco. Mahali hapo ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia unasaidia kusukuma roketi inayorushwa kuelekea mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani na Waitaliano walirusha hapo setilaiti ya kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Basi chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka 1971 Uhuru iliona nyota moja katika kundi la Kantarusi, inayoitwa kwa kifupi Cen X-3, ikitoa eksirei kwa mapigo, kama ngoma: dum, dum, dum, kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Ikagunduliwa pia kwamba nyota hiyo inaizunguka nyota kubwa kwa muda wa siku mbili na kitu, kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 415 kwa sekunde.

Hapo ndipo ushahidi ulipo. Nyota hiyo iko mbali sana, kiasi kwamba nuru yake huchukua miaka kama 20,000 kutufikia. Kama mbio za nyota zingeongezwa kwenye mbio za eksirei, mapigo ya siku ya kusogea yangeyatangulia mapigo ya siku ya kukimbia kwa zaidi ya miaka 50. Kungekuwa na vurugu tupu. Badala yake mapigo yanafika kwa utaratibu. Yanakaribiana kidogo nyota inaposogea na kuachana kidogo inapokimbia, kwa sababu njia inafupika na kurefuka kidogo. Lakini pigo la nyuma halimpiti la mbele.

Na eksirei kali hupenya gesi nyembamba bila kupokewa na kutolewa upya njiani kwa urahisi. Ni tarishi wa njia nzima. Mwaka 1977 Mmarekani Kenneth Brecher alitumia nyota za aina hiyo, ikiwemo Cen X-3, akapiga hesabu. Akaona kwamba kama nuru inaongezewa chochote na mbio za nyota, basi sehemu inayoongezwa haizidi mbili kwa bilioni.

Pingamizi la Fox likawa limejibiwa. Mto umetazamwa, na maji yanaingia ziwani.

MASHAHIDI WA KUPINGA

Kijana wetu alisema yapo majaribio yanayopinga. Ni kweli yamekuwapo, na si vizuri kuyaficha. Tutaje mawili.

Miaka ya 1920 Mmarekani Dayton Miller alirudia jaribio la Michelson na Morley mara nyingi sana, mengine juu ya mlima Wilson huko California. Alitangaza kwamba ameuona upepo wa etha, ingawa mdogo. Alikuwa mtu makini, hakudanganya. Mwaka 1955 wataalamu wengine wakiongozwa na Robert Shankland walipitia upya madaftari yake. Wakasema mabadiliko aliyoyaona yalitokana na joto na baridi katika chumba cha kupimia.

Septemba 2011 wataalamu wa Ulaya walitangaza kwamba vijichembe vinavyoitwa nyutrino, vilivyosafiri kilomita 730 ardhini kutoka CERN hadi Italia, vilifika mapema kuliko nuru kwa sehemu 60 za bilioni za sekunde. Dunia nzima ikapiga kelele. Mwaka 2012 wakaona kwamba waya mmoja wa kupitisha nuru haukuchomekwa sawasawa, na saa moja nayo ilikuwa na hitilafu. Walipopima tena, nyutrino hazikuipita nuru.

Tunawasifu wote hawa. Walisema walichokiona, wakaacha milango wazi ili wengine wakague.

NA ZILE SAA

Einstein alisema pia kwamba kutokana na misingi yake miwili, saa inayokwenda mbio huhesabu muda polepole kuliko saa iliyotulia. Hili lina mashahidi wake.

Wako vijichembe viitwavyo myuoni ambavyo vikitulia huishi kwa wastani sehemu mbili na kidogo za milioni ya sekunde, kisha huvunjika. Huko CERN vilizungushwa karibu na mbio za nuru. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1977 yalionyesha viliishi mara 29 zaidi, kama hesabu ya Einstein ilivyosema.

Oktoba 1971 Wamarekani Hafele na Keating walipanda ndege za abiria na saa nne za atomu. Walizunguka dunia kuelekea mashariki, kisha kuelekea magharibi. Zikilinganishwa na saa za Washington, saa zilichelewa kwa sehemu 59 za bilioni za sekunde walipokwenda mashariki, zikatangulia kwa sehemu 273 walipokwenda magharibi. Wako waliosema saa hizo zenyewe zilikuwa zinayumba, na kweli ziliyumba kidogo. Majaribio ya baadaye yenye saa bora yamekubaliana na nadharia.

Tumefika kwenye jibu la mzee wetu. Saa zilizo katika setilaiti za kupimia mahali, kwa sababu ya mbio zao, huchelewa sehemu 7 za milioni za sekunde kila siku. Kwa sababu ziko juu, ambapo mvuto wa dunia ni hafifu, hutangulia sehemu 45. Hili la pili ni la nadharia nyingine ya Einstein, ya mwaka 1915. Ukitoa 7 katika 45 unabaki na 38. Katika muda huo mdogo nuru husafiri kilomita 11 hivi. Ndiyo maana saa hizo hurekebishwa kabla ya kurushwa, na huendelea kukaguliwa kutoka ardhini. Mzee wetu, jibu ni hilo: saa zimepimwa, na zinapimwa kila siku.

TURUDI KWENYE MWEMBE

Je, maana yake mpimaji alikuwa na haki na mzee alikosea kuuliza? Hata kidogo.

Saa za angani zikiwa sahihi, bado kichombo cha mkononi kinaweza kukosea mita kadhaa. Hewa inakawiza mawimbi. Mwembe wenye majani mengi unayaziba. Na ubishi wenyewe ni wa hatua kumi na mbili! Kosa la kichombo linaweza kula sehemu kubwa ya ukanda unaogombaniwa. Hilo si kosa la Einstein. Ni kosa la kupima chini ya mwembe.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa kamati ya kijiji ni huu. Upimaji wa kipande kile urudiwe, mahali peupe, kwa chombo cha usahihi zaidi, au kwa kamba kutoka kwenye alama iliyokwisha pimwa. Majirani wote wawili wawepo, na wazee wawepo.

Na tukumbuke kitu kimoja zaidi. Chombo kitatuambia mwembe ulipo. Hakitatuambia nani aliupanda. Hilo wanalijua wazee, kama wenyeji wa Uvira walivyojua mto wao unaelekea wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mipaka ikubaliwe na wanaohusika, siyo na kichombo peke yake.

Kuhusu kesi kubwa, sisi tunasema hivi. Mpaka leo majaribio yaliyokaguliwa yamesimama upande wa Einstein. Kesho likitokea jaribio la kupinga, tusilifukuze wala tusilikumbatie. Tuulize maswali matatu. Limepimwaje? Nani mwingine amelirudia? Na je, upande wa pili ungetabiri jambo tofauti?

Aliyejifunza kusoma asiishie kusoma tu. Aulize kama mzee alivyouliza. 

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Tarishi mmoja anakwenda kilomita 25 kwa siku, mwingine kilomita 40. Wa pili akiondoka siku tano baadaye, nani atafika Ujiji kwanza?
2. Kwa nini jaribio la Michelson na Morley halikutosha kuamua kati ya Einstein na Ritz?
3. Katika kijiji chenu, ni ubishi gani ulioamuliwa kwa kelele badala ya kwenda kutazama?

MANENO MAGUMU

Nadharia: maelezo ya jinsi mambo yanavyokwenda, yanayoweza kupimwa kwa majaribio.
Setilaiti: chombo kinachoizunguka dunia angani.
Eksirei: miali isiyoonekana kwa macho, kama ile ya kupigia picha mifupa hospitalini.
Tarishi: mtu anayetumwa kupeleka barua.